Mchungaji Pole na Neno Lililomkwama

Mdogo wangu wa mwisho ndiye mchungaji wa polisi hapa kwetu. Askari wanamwita Pole, na jina hilo halikutoka mbali. Akiingia kituoni asubuhi anampa pole askari wa zamu, anawapa pole mahabusu, anampa pole hata mwizi aliyeletwa akiwa na redio ya watu begani. Siku moja mwenye redio alikuwa amesimama palepale. Akauliza, "Na mimi je?" Akapewa pole na yeye.

Mama alipotuacha, mimi ndiye niliyemlea. Kwa hiyo mtu akitaka habari zake aniulize mimi, asiwaulize wale vijana wa kituoni wanaopenda kutia chumvi.

Kazi yake watu hawaielewi. Wanadhani anaombea bunduki. Haombei bunduki. Anakaa na askari aliyetoka kuona ajali akashindwa kula. Anapatanisha konstebo na mkewe. Akiambiwa siri, haitoki, hata mimi niliyemlea nimeshindwa kumtoa moja. Na mtu akipoteza maisha barabarani, yeye na askari mmoja ndio wanaokwenda kupiga hodi kwa wenyewe. Hapo kwenye hodi ndipo penye maneno.

Miaka yote hiyo alifanya bila cheti. Kanisa lilimtuma, kituo kikampokea, basi. Halafu ikatoka amri: kila mchungaji, padri na shehe anayehudumia polisi akasome, apimwe, apewe cheti na beji. Asiyefaulu ampishe mwenye cheti. Na mwenye cheti alishapatikana, kijana mmoja wa viatu vya kuchongoka, alishakuja kuitazama ofisi ya mdogo wangu na kuuliza kama dirisha linafunguka.

Nikasema, "Mtu ana mvi kichwa kizima, mnampeleka darasani akafundishwe kusema pole?"

Wifi yangu, mke wa Pole, alikuwa anapiga pasi mashati ya safari. Akasema tu, "Wifi, sogea, mvuke utakuunguza."

Basi akaenda chuo cha polisi. Alikuwa anarudi mwisho wa wiki amejaa masomo. Eti asimhubirie mtu aliyefiwa mpaka aombwe. Eti asimvute mtu wa dini nyingine akiwa kazini. Walimkalisha dawati moja na shehe, wakawa marafiki, huyu akisinzia yule anamfinya. Akafundishwa kumtambua askari aliyechoka moyo kabla hajajidhuru. Yote hayo aliyapata vizuri sana, mimi nikaanza kutembea sokoni kifua mbele.

Kumbe kuna somo moja limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mkufunzi wao alikuwa mama mmoja, askari mstaafu, mrefu, sauti ya gwaride. Wanafunzi walimwita Nyoosha, kwa sababu mtu akizungukazunguka na maneno yeye anapiga meza: "Nyoosha!" Somo lake lilikuwa kupeleka habari ya msiba. Uhakikishe umefika kwa mtu mwenyewe. Uombe kuingia, umketishe, kisha umtaje aliyefariki kwa jina lake na useme neno lenyewe: amekufa. Si ametutoka, si amepumzika, si ameitwa. Amekufa. Halafu unyamaze, na usikimbie.

Siku ya kupimwa, Nyoosha alijifanya mjane, mtandio kichwani. Pole akapiga hodi, akaingia, akaketi. Akauliza habari za watoto. Akauliza mvua. Akasifu pazia. Shehe, aliyekuwa amejifanya askari mwenzake, akamkanyaga mguu.

"Pole sana, mama," akasema Pole.

"Pole ya nini?"

"Ya... ya kazi."

Akafelishwa. Mara ya pili alijikaza, akafika mpaka "mumeo am...", halafu akaanza kulia yeye, mjane akawa ndiye anayembembeleza. Nyoosha akavua mtandio akamwambia, "Mzee wangu, umebakiwa na nafasi moja. Hiyo nitakuja kukupimia kazini kwako. Ukishindwa, beji sitakupa. Nakupenda, lakini sitakupa."

Akaja kwangu amenywea kama shati lililonyeshewa.

"Dada, naomba nifanyie mazoezi kwako."

"Mazoezi gani?"

"Nikuambie shemeji amekufa."

"Shemeji yako ana miaka yote hiyo kaburini, ndiyo unaniletea habari leo? Umechelewa."

"Basi nimtaje mtu mwingine."

"Mtaje uone." Nikashika mwiko. "Usiniletee uchuro ndani ya nyumba yangu. Na neno lenyewe ni la kuku. Kuku ndiye anakufa. Mtu anafariki!"

Nikamwonyesha Kamishna aliyekuwa amesimama mlangoni. Kamishna alikuwa jogoo wangu, mwekundu, mkia kama shada. Kila asubuhi alikuwa anakagua ua wangu kona kwa kona, na kwa kuwa uzio wangu umepakana na nyumba za polisi, askari walikuwa wakipita wanampigia saluti. Dereva wa kituo ndiye aliyempa cheo.

"Ndivyo tunavyofundishwa, Dada. Ukimficha mtu unamtesa."

"Nani kateswa? Mume wangu alipofariki ulikuja kunichukua hapahapa. Ukaniambia mgonjwa anataka uji. Nikapika uji, tukaenda kwa ndugu zake alikokuwa anauguzwa. Nilipoona viti vimepangwa nje nikajua mwenyewe. Hakuna aliyenichafulia masikio. Hiyo ndiyo adabu."

Akatazama sakafu. "Ulibeba chupa ya uji njia nzima."

"Nilibeba. Na niliutia sukari."

Akaenda zake.

Mimi si mtu wa kukaa nikatazama ndugu yangu ananyang'anywa kiti chake na viatu vya kuchongoka. Nikaamua yule Nyoosha akija, aletwe kwangu kwanza. Mtu akishakunywa chai yako anaona haya kukunyima kitu. Wifi akaniambia, "Wifi, nakuomba usiharibu." Nikamwambia, "Niharibu nini? Chai?"

Siku ikafika. Nikafagia ua, nikatoa vikombe vya kabatini, nikabandika birika. Nikasikia gari la kituo linaingia, linarudi nyuma ili likae vizuri karibu na mlango. Mara breki. Halafu kimya. Kimya chenyewe kikawa kirefu, nikaona hawa wanataka chai ipoe kabla haijaiva.

"Hodi," akasema Pole.

"Tangu lini unapiga hodi kwangu? Ingia."

Akaingia. Nyuma yake dereva, kofia mkononi, uso umemshuka. Nyoosha akabaki amesimama mlangoni.

"Dada, naomba ukae."

"Birika liko motoni."

"Naomba ukae, Dada."

Nikakaa. Naye akavuta kigoda akakaa mbele yangu, magoti kwa magoti.

"Yule jogoo mwekundu, Kamishna, ni wako?"

"Umerukwa na akili? Ulimwona bado yai!"

"Kamishna amekufa, Dada. Tumemkanyaga na gari sasa hivi, hapo uani."

Akanyamaza.

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Kamishna huyu, ndiye unaniambia amekufa? Huna hata neno la heshima? Hata kufariki kanyimwa?"

Dereva akakohoa, akageukia ukuta. Pole hakucheka. Hakusifu pazia. Nilikuwa naingoja pole yake nimrudishie mwenyewe, na haikuja. Alikaa tu ananitazama, hana haraka.

Nikatafuta pa kupitia, sikupaona. Siku ile ya uji nilikuwa na njia nzima ya kujidanganya, nikaitumia yote. Nilipofika nilisimama na chupa mkononi, watu wote wananitazama, wote wanajua isipokuwa mimi. Hata mwenye kuniuzia sukari alikuwa anajua. Leo nimejua mara moja, nikiwa nimeketi kwangu, na ndugu yangu yuko karibu hivi. Nikalia. Nililia sana kuliko haki ya jogoo, na Pole akanishika mkono, wala hakuniambia ninyamaze.

Birika likafurika. Nikataka kuinuka.

"Mfiwa hapiki," akasema Nyoosha. "Wewe dereva, toa birika."

Dereva akaunguza vidole, akamimina chai, akaitia sukari nyingi mno. Tukanywa hivyohivyo. Nje niliwasikia kuku wangu wanauliza kuna nini.

Nyoosha akaketi. "Mama, jogoo sijawahi kumpimia mtu. Lakini mfiwa ni mfiwa, na wiki hii namshukuru Mungu hakuna mwingine. Nina maswali machache, na jibu lako ndilo nitakalolifuata."

Pole akainamisha kichwa. Hapo nikaelewa kwamba kiti cha mdogo wangu kiko mdomoni mwangu, na mdomo wenyewe una hasira. Mwanamke nimemwalika chai, gari lake limelala juu ya Kamishna, halafu anataka nimpe alama!

"Ulielewa alichokuambia?"

"Mimi si mjinga."

"Alikuzungusha?"

"Hakunizungusha."

"Kuna alichokosea?"

"Kipo. Angesema amefariki."

Nyoosha akauma mdomo. "Haya. Na siku ukifikwa na msiba wa mtu, Mungu apishe mbali, ungetaka nani akupigie hodi? Huyu, au yule kijana mwenye cheti chake tayari?"

Nikamtazama mdogo wangu. Mvi zimemjaa, shati wifi kalinyoosha mpaka kola imesimama, na mkono wangu bado hajauachia.

"Mleteni huyuhuyu," nikasema. "Lakini aje kwa miguu."

Nyoosha alicheka mpaka kikombe kikamwagika, na sauti yake ile ya gwaride, nadhani walimsikia kituoni.

Cheti alipewa. Beji alivishwa mbele yetu, shehe kabla yake, yeye baada yake, na shehe alipiga makofi kuliko wifi. Yule kijana alipelekwa kituo kingine. Nasikia dirisha la huko halifunguki. Dereva aliniletea jogoo mdogo, anawika saa za ajabu, mchana wa jua kali. Anaitwa Konstebo, na kwa mwendo huo hatapanda cheo. Hadithi kwamba Pole alifaulu kwa kuku, kama inavyosimuliwa kituoni, ni kweli, lakini waeleze na jinsi alivyokaa baadaye mpaka vivuli vikarefuka, wote wengine wamekwisha ondoka.

Siku hizi anapiga hodi kila anapokuja. Mimi nakwenda mlangoni, namkuta na beji yake kifuani, nasimama katikati ya mlango.

"Nani?" namuuliza.

"Nimepita tu, Dada, nikasema nikujulie hali, na hili jua..."

"Nyoosha!"

"Hakuna aliyekufa, Dada. Nataka chai."

"Haya," namwambia. "Ingia ukae."