Bunduki ya Kwenda Nayo Mitegoni

Mnunuzi wa ngozi pale Mlandege, mjini, aliinyanyua ngozi ya ngawa, yule paka wa mwituni, niliyomletea, akaielekeza mlangoni penye jua, akanitazama kupitia matundu yake. "Bwana we, hii ngozi au chekecheke?" akaniuliza, na wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakacheka. Mimi sikucheka. Ngawa yule nilimtega mwenyewe, kwa kamba niliyoisokota mwenyewe, na nilimkuta mzima hana hata mkwaruzo. Aliyemtoboa ni mjomba wangu na bunduki yake. La kuudhi zaidi ni kwamba ngozi ile haikuwa hata yangu. Nilikuwa nimetumwa tu kuiuza.

Hilo lataka maelezo, maana vijana nikiwasimulia hudhani natia chumvi. Kijijini kwetu, upande wa mashariki kati ya Paje na Bwejuu, wanaume walikuwa wakiwinda paa kwa mikuki na mbwa, na ili wasitoane roho walikuwa na sheria moja: mnyama ni wa aliyemtoa damu kwanza. Kwa watu wa mkuki ni sheria nzuri, sina neno nayo. Lakini mimi nilikuwa mtu wa mitego. Nilikuwa nikipinda mti mchanga, nikiufunga tanzi la kamba ya usumba wa nazi, na ngawa akikanyaga, mti unafyatuka na tanzi linamnasa mguu. Tanzi halitoi damu. Asubuhi nikifika, mnyama yupo pale ananitolea meno, na kwa sheria ya kijiji hana mwenyewe bado.

Hapo ndipo alipokuwa akiingia mjomba, ndugu yake mama, mwenye bunduki pekee ya pale kijijini. Bila bunduki haikuwezekana. Ngawa aliyenaswa mguu humsogelei na rungu wala mkuki ukatoka salama. Nilijaribu, na kovu ninalo kwenye kifundo cha mkono mpaka leo. Isitoshe, miaka ile ya hamsini chui walikuwa bado wakipita katika msitu wetu, na hapakuwa na mwenye akili zake aliyekwenda kutazama mitego mikono mitupu. Basi mjomba alikuwa akinifuata nyuma polepole na koti lake, anasimama hatua mbili mbele ya mnyama aliyefungwa mguu, anafyatua, kisha anasema, "Huyu wangu." Mimi nachuna. Miaka minne mizima nilitega wanyama, na sikuwa na mnyama hata mmoja.

Na bunduki yenyewe sasa! Ilikuwa ya mitutu miwili, ya marisau, zile gololi ndogo ndogo za kupigia kanga na njiwa wanaoruka. Ukimpiga nayo ngawa aliyesimama miguuni pako, utapata nini kama si matundu? Ilikuwa ndefu, ikishika kila tawi, na nzito, mjomba akitua kila tukifika penye mawe. Aliipenda kwa sababu ubavuni ilikuwa imechorwa maua. Siku moja alifyatua mitutu yote miwili kwa haraka, akamkata ngawa nusu ya uso, na mnyama akawa bado anahema na kunitazama kwa jicho moja wakati mjomba akipapasa mifuko kutafuta risasi nyingine. Nilimwonea huruma mnyama yule, na nilijionea haya kwa sababu mimi ndiye niliyemfunga mguu.

Tangu siku ile nikaanza kuwaza bunduki yangu mwenyewe. Niliwaza mwaka mzima, na sikukosa washauri. Mmoja aliniambia nichukue gobori, ile ya kushindilia baruti, kama kwamba ngawa atanisubiri nimalize kushindilia. Mwingine akasema nitafute kubwa ya kuulia chui. Nikamjibu kwamba chui nikimkuta kwenye kamba yangu sitamgusa. Nitarudi kinyumenyume na kwenda kuita watu. Bunduki niliyoitaka ni ya kumalizia ngawa, basi. Iwe fupi, ipite vichakani. Iwe nyepesi, niishike kwa mkono mmoja, mwingine una panga na kamba. Ipige risasi moja, nyembamba kama kalamu, iingie nyuma ya sikio, mnyama alale pale pale na ngozi ibaki ngozi. Na isiwe na vyuma vingi, kwa sababu pale kwetu upepo wa pwani hula chuma mpaka kikaisha.

Niliipata mjini, duka la bunduki la mzee mmoja wa Kihindi, katika kichochoro ambacho watu wawili hawapishani bila kugeuka ubavu. Ilikuwa imeshatumika, na kitako chake kilipasuka kikatiwa kipande cha shaba. Mzee aliniacha niishike. Nikaiweka kwapani, nikatembea nayo dukani huku nikiinama kama ninayepita chini ya matawi, akanicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Lete leseni, n'takuwekea," akasema, akaifunga kitambaa na kuisukuma nyuma ya kabati. Nilirudi kijijini nikiwa na furaha nyingi mno. Nikishakuwa na bunduki yangu, damu ya kwanza nitaitoa mimi, na mnyama nitakayemtega atakuwa wangu.

Leseni ilikuwa kwa Mudir, mkuu wa serikali upande wetu, na Mudir alitaka watu wazima wawili wa kunishuhudia kwamba ni mwindaji kweli. Nikaenda na sheha wetu, mkubwa wa kijiji, na mjomba. Mjomba alivaa kanzu nyeupe na kofia mpya. Mudir akaangalia karatasi zake, akauliza, "Huyu kijana ameshaua wanyama wangapi?"

"Hajapata kuua hata kima, Bwana Mudir," mjomba akajibu. "Wanyama wote nimewaua mimi."

Nilidhani anatania. Nikamgeukia sheha, ambaye mara kadhaa alinikuta njiani asubuhi na ngawa begani. Sheha akaangalia viatu vyake na kusema, "Kwa mila yetu, ndivyo."

"Mitego ni yangu, Bwana Mudir!" nikasema. "Yote!"

"Mimi sikuuliza mitego," Mudir akanijibu. "Leseni ni ya bunduki." Akapiga mstari kwenye karatasi yangu, na karani akaita mtu mwingine.

Nje, barazani, mjomba akanishika bega. "Usiniangalie hivyo, mwanangu. Ulitaka niseme uongo mbele ya serikali?" Hapo ndipo nilipotaka kupasuka. Alikuwa ameninyima njia yangu ya pekee ya kumiliki jasho langu, na bado akajihesabu mkweli! Na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini kwa ndugu yake mama sikuwa na ulimi.

Haikupita wiki mbili akaja nyumbani. Mama akamtilia kahawa. Mjomba akanywa, akasema, "Yule mnunuzi wa Mlandege nshamchoka. Anatukatalia ngozi zetu. Leseni ya bunduki ya pili nshapewa, sasa wewe twende mjini ukanichagulie inayofaa, maana unajua kuliko mimi."

Ngozi zetu! Nilifungua mdomo, na mama akanikata jicho ambalo kila mtoto wa kwetu analijua.

"Naam, mjomba," nikasema.

Mzee wa dukani aliponiona na karatasi ya leseni imewekwa mezani alifurahi, akavaa miwani asome. Akasoma jina. Akanitazama, akamtazama mjomba, akavua miwani. Hakwenda nyuma ya kabati. Alitoa bunduki tatu nyingine, akazipanga mezani, akaniacha mimi niseme. Mjomba alikwishashika moja kubwa yenye maua mengi kuliko ile ya kwanza na alikuwa akiipapasa kama paka. Ilikuwa kazi rahisi. Ningesema tu, "Hiyo hiyo, mjomba," angeibeba akiwa amechanua meno, na kila ngozi ingekwenda Mlandege ikiwa na tundu la kupitisha ngumi. Nilistahili kulisema neno lile. Lakini nikamkumbuka ngawa wa jicho moja.

"Mtolee ile ya nyuma ya kabati," nikamwambia mzee.

Mpaka leo sijui kipi kinaniudhi zaidi, alichokisema mjomba kwa Mudir au nilichokisema mimi dukani mle. Nilimpa kwa mdomo wangu mwaka mzima wa mawazo yangu. Tulipotoka, akanipa niibebe, nayo ikakaa kwapani mwangu vile vile kama siku ile ya kwanza. Tulipokaribia Darajani akamwona askari, akaninyakulia haraka. "Huna leseni wewe, utanitia matatani," akasema.

Tulifika kijijini baada ya adhuhuri. Sikula. Nilikwenda msituni peke yangu, nikaanza na mtego wa mwisho kurudi wa kwanza. Mitego yote ilikuwa kumi na saba. Sikukata hata kamba moja, maana kila moja niliisokota kwa viganja vyangu. Nilifungua fundo moja moja, nikaiachia miti ikasimama wima, nikaziviringisha kamba begani. Nilijua ninajinyima riziki. Kuna pahali kamba ilibana nikaifungua kwa meno, na nilikuwa nikilia kwa hasira, sioni aibu kusema.

Asubuhi mjomba akaja na bunduki yake mpya, ameipaka mafuta. Nikatangulia, akanifuata kama kawaida. Tukapita pahali pa kwanza, hapana kitu. Pa pili, hapana kitu, hata tanzi. Pa tatu akasimama, akautazama mti uliokuwa umejinyoosha.

"Nani kafanya haya?"

"Mimi, mjomba."

"Yote?"

"Yote."

Akatazama msitu, kisha akaitazama bunduki mkononi mwake. Mtu yule hakujua hata kufunga tanzi. "Sasa hii n'takwenda nayo wapi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alikuwa akiniuliza kwa kweli.

"Bunduki nzuri sana hiyo," nikamwambia. "Inataka tu mtu wa kukufungia mnyama."

Nikamwacha pale pale, nikashika njia ya nyumbani, na sikumwamkia tena mpaka Idi.