Viatu Mlangoni mwa Nyumba ya Kamari

Pale Junda, miaka ya themanini, nyumba ya kamari ilikuwa na adabu kuliko nyumba nyingi za watu. Hutukani ndani, hutemi mate, na viatu unavua mlangoni. Mgeni akipita angedhani mna hitima. Sisi wanawake tukijua vizuri mna nini, maana mishahara ya waume zetu ilipitia humo kwanza.

Siku nne kabla ya Idi kubwa nilirudi kutoka kisimani nikakuta pembe ya chumba i tupu. Cherehani yangu haipo! Nguo za watoto wa nusu ya mtaa nilishazikata, bado kushona tu, na ujira wake nilishaula.  Sikuhitaji kupiga ramli: mume wangu alikuwa ameipeleka kwenye karata.

Nilijitupia buibui nikaenda mbio, matusi yote nimeyapanga mdomoni. Lakini mlangoni nikaona viatu. Ndara, makubadhi, jozi kama kumi na mbili, zimelala kwa mstari. Nikavikusanya vyote kwenye leso, nikafunga fundo, nikavikalia kama kuku anayeatamia.

Ilikuwa adhuhuri na mchanga unaunguza. Wa kwanza kutoka alirudi ndani akirukaruka. Kelele zikaanza. Mwenye nyumba, mzee wa heshima zake, akachungulia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Viatu vya watu?"

"Na cherehani ya watu?"

Akasema mchezo haujesha. Nikamwambia basi nami sina haraka, ila atakayerudi nyumbani miguu mitupu akamweleze mkewe amevivua wapi.

Wallahi nilisikia karata zikiwekwa chini. Cherehani ikatoka imebebwa na wanaume wawili, huku wakiniomba radhi, na mume wangu nyuma yao akitazama vidole vyake vya miguu. Nilicheka mpaka nikatoka machozi. Hasira ikaniisha palepale, na mpaka leo najilaumu.

Watoto wote walivaa Idi ile. Mume wangu aliapa hataigusa tena cherehani, na kweli hakuigusa.

Mwezi uliofuata ikapotea baiskeli yetu. Nikachukua leso yangu, nikaenda. Mlangoni hapakuwa na kiatu hata kimoja. Nikachungulia dirishani: wamekaa duara, wanacheza, kila mtu amevikalia vyake.