Nilivyojifunza leva za tingatinga Voi, na mama mkwe akipita

Wakuu, hamjambo huko mliko. Nawasalimu kutoka Voi. Mimi ni mzee, macho yamechoka lakini vidole bado vinaandika. Haya ni ya kweli, isipokuwa pale nitakapotia chumvi, na mtapaona wenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya hamsini, shamba la mkonge nilikokuwa kibarua lililetewa tingatinga la kuchimba mitaro. Siku hizi mnaliita backhoe. Mkono mrefu nyuma, ndoo yenye meno, na leva nyingi kuliko vidole vya mtu.

Nilichaguliwa kuliendesha kwa sababu nilikuwa nimemaliza ngumbaru, ile shule ya usiku ya watu wazima, kwa hivyo maandishi ya kwenye leva niliyasoma.

Kusoma nilisoma. Kuvuta sasa!

Mwalimu wangu alikuwa Mutua, Mkamba mmoja mpole. Yeye akishika control, ndoo inashuka kama mama anayelaza mtoto. Mimi nikishika, mashine inaruka kama punda aliyekanyaga siafu. Wiki ya kwanza meno yangu mawili yalilegea. (Moja lililegezwa na muwa, lakini wacha tuseme ni mashine.)

Vibarua waliacha kukata mkonge waje kutazama. Mmoja akaniuliza kama nachimba mtaro ama natwanga mahindi ya harusi yangu.

Na harusi kweli ilikuwa inapangwa. Nilikuwa nimeposa Wakesho, na wazee wetu walikuwa wameanza mazungumzo.

Hapa vijana nisikilizeni. Kwetu Udawida, huku Utaita, wakati huo, ukikutana na mama mkwe njiani, wewe ndiye unayeacha njia. Unaingia kichakani, unainamisha macho mpaka apite. Kuliko kumkazia macho usoni, ilikuwa afadhali utembee uchi sokoni.

Basi siku hiyo nachimba mtaro wa bomba la maji, kando ya njia ya kwenda sokoni. Nimeshaanza kulainika kidogo. Ndoo iko hewani, imejaa udongo. Kuinua macho, naona nani anakuja na kikapu cha ndizi kichwani? Mama yake Wakesho.

Kichaka kiko mbali. Mimi niko juu ya kiti kama jogoo juu ya paa. Nikafanya heshima niliyoiweza: nikageuza uso, nikajikunja chini ya kiti.

Kiwiko kikasukuma leva.

Mkono wa mashine ukazunguka mpaka njiani. Mutua akapiga ukelele, mama akachutama, ndoo ikapita juu yake na kuondoka na kikapu. Nasikia ndizi moja iliokotwa Maungu, kilomita kama thelathini kutoka hapo.

Leo nacheka. Siku ile sikucheka, wakuu. Ilibaki kidogo tu nimuue mama wa mchumba wangu kwa kumheshimu.

Mutua alinishusha kwenye kiti. Baba yake Wakesho akasimamisha mazungumzo, akasema binti yake haolewi na mtu wa mashine. Niliona nimepoteza kazi na mke kwa kiwiko kimoja.

Halafu mshenga wetu, Mzee Mwadime, akaja shambani na ujumbe wa mama mwenyewe. Akautoa polepole, Mutua akiwa anasikiliza:

"Amesema hivi: akiwa kule juu, anitazame. Yeye ni dereva, mimi ni mpita njia. Akishuka chini, hapo ndipo awe mkwe."

Mutua akatikisa kichwa. "Huyo mama angekuwa fundi," akasema, "mimi ningembebea spana."

Akanirudisha kwenye kiti na kunifunza upya. Leva haivutwi kama kamba ya ng'ombe, unaigusa mpaka usikie inakujibu. Mtu akitokea, mtazame, laza ndoo ardhini, zima injini, toa mikono. Tulirudia mpaka nikawa nalaza ndoo usingizini.

Siku ya soko mama akaja tena, nadhani kwa makusudi, na wazee wawili wa kwao nyuma yake. Moyo wangu ulishinda injini kwa kelele.

Nikamtazama usoni, mara ya kwanza maishani. Mikono ikasogeza leva taratibu. Ndoo ikalala bila kuamsha vumbi. Nikazima.

Mama akapita karibu kabisa na yale meno ya ndoo, wala hakuharakisha. Nikaona ana kishimo shavuni, kama cha Wakesho.

Kisha nikashuka, nikakimbia mpaka kichakani, nikainamisha macho. Nikiwa huko nikasikia wazee wakimuuliza Mutua nitakuwa na nafasi lini, mazungumzo ya posa yaendelee.

Nilichojifunza ni hiki: kwenye mashine, haya inaweza kuua mtu. Ona kwanza, laza ndoo, zima. Heshima nyingine zote zitakungoja chini.

Nyinyi maopareta wa siku hizi wenye AC na joystick, nani aliwafunza kusimamisha mashine? Na kama uliwahi kumheshimu mtu nusura umuumize, andika hapo chini. Hapa hatuchekani sana.