Aliyekufunika Blanketi Hakuwa Mimi

Riziki, nimeamka nikakuandikia kama kawaida. Ujumbe umekwenda, hujasoma, na kichwa changu kinakataa kuelewa.

Jamani, rafiki yangu Riziki wa Kavimvira ameondoka. Mapigano yalipofika mtaani kwao, risasi ilipenya ukuta ikamkuta jikoni. Mlioanza kunong'ona, komeni. Si virusi vilivyomuua. Hakuwahi kuficha kwamba anaishi na VVU, na mimi sifichi kwamba ninaishi navyo.

Tulianza ARV pamoja. Randevu moja ya kliniki, benchi moja, na utani wako kuhusu viatu vya daktari. Nilijua wewe ni wangu.

Kisha ukampata Mama Sifa wa Makobola, yule mganga wa majani. Anachemsha sufuria, unainama juu yake, mtu anakufunika blanketi mpaka jasho litiririke. Uliniomba nije nikushikie hilo blanketi. Nikasema harufu ile siiwezi, basi Mama Sifa akakushikia mwenyewe.

Wivu ulinikaba, nasema wazi! Ulirudi ngozi inang'aa, mdomoni Mama Sifa, Mama Sifa.

"Vidonge si uko navyo? Sasa unatafuta nini kule?"

"Dawa ya opitali namezaka, siachi," ukanijibu. "Lakini ku opitali wananiulizaka kama nimemeza. Mama Sifa ananiulizaka kama nimelala. Ananikanda na mafuta ya mawese, haogopi kunigusa."

Kwani mimi niliogopa lini kukugusa? Nilinuna, ukacheka.

Hata wenye bunduki walipojaza vizuizi kwenye barabara ya Makobola, ulienda. Kuja kwangu, hapo tu nyuma ya soko, eti umechoka.

Jana kwenye matanga nikamkuta Mama Sifa mkekani, ubavuni mwa mama yako. Mahali pangu! Nikamkazia macho. Akainuka, akanifuata.

"Weye njo Neema?"

"Njo minye," nikakubali kuwa ndiye mimi.

"Riziki akiwa mu blanketi, ni Neema tu, Neema. Nilikuwa nakuonea wivu, mwanangu. Nilijiuliza, huyu mutu iko na nini yenye minye sina?"

Tulilia tumeshikana, na aliponiachia alinipa blanketi lako.

Nimejifunika nalo nikiandika haya. Harufu bado siiwezi, na silivui.

Lala sasa, Riziki wangu, mahali pasipo na mlio wa bunduki. Lala salama, lakini usithubutu kupata rafiki mwingine huko kabla sijafika.