Zamu ya Kaveke

Kaveke Mulei alikuwa na kicheko kilichoniudhi. Alicheka mashine zikikwama, alicheka umeme ukipotea, na mimi ambaye hasira zangu ziko puani nilimwona hana la maana. Leo namshukuru Mungu aliyetukutanisha naye, na nitaeleza kwa nini.

Mwaka wa tisini na nane tulikuwa wanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja kati ya Ruiru na Thika: Kaveke, dada yangu Ruqayya, na mimi, Waleed, niliyekuwa nyuma yao kwa miaka miwili. Kaveke alikuwa mwalimu, binti wa wakulima wa Yatta, na alipanga chumba Gatongora. Sisi ni watu wa Thika. Baba alikuwa amefariki, na mama yetu, Khamisa, ndiye aliyetusomesha kwa kibanda chake cha mitumba.

Sote tulitegemea chumba kimoja cha kompyuta. Zilikuwa mashine chache tu, zimeunganishwa kwa nyaya ili zigawane hesabu kubwa. Ruqayya alitaka kujua joto linavyopenya ndani ya kahawa inayokaushwa, na programu ya hesabu ilichukua siku kadhaa kumjibu. Mashine moja tuliiita Mlango. Kila mtu aliingilia hapo, akaacha kazi yake kwenye foleni, nao Mlango ukazigawia mashine nyingine. Kanuni ya kwanza ilikuwa usiendeshe hesabu yako kwenye Mlango wenyewe, maana ukiuziba hapiti mtu.

Ruqayya aliuziba. Ilikuwa wiki ya mwisho ya kukabidhi tasnifu na zamu yake ilikuwa imefika, lakini kwa haraka akaianzisha kazi palepale alipoingilia badala ya kuituma kwenye foleni. Chumba kizima kikaganda. Hesabu za watu zikapotea, zangu zikiwemo, na nilimfokea utadhani hatukunyonya ziwa moja.

Bwana Bedan, msimamizi wa chumba, hakufoka. Alizima kila kitu, akawasha upya, kisha akafuta jina la Ruqayya kwenye ubao wa zamu.

"Sheria unajua, mama. Mwenye kuziba Mlango hagusi kibodi wiki nzima."

Na wiki ndiyo hiyo tu iliyokuwa imebaki. Idara ilikuwa imemwahidi Ruqayya kazi ya kufundisha, mradi akabidhi kufikia Ijumaa. Akichelewa, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na mgongo wa mama ulikuwa umeshaanza kuchoka na kubeba yale marobota ya nguo. Dada yangu alikaa kwenye ngazi, akajifunika uso kwa mtandio, akalia.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Kaveke. Hesabu zake za maji ya bwawa zingeshika mashine zote hadi Ijumaa hiyohiyo, kwa sababu naye alitakiwa kukabidhi. Akamwendea Bwana Bedan.

"Zamu si ni yangu?"

"Ni yako."

"Naweza ku-run kitu yoyote?"

"Bora upitie foleni."

"Basi naweka kahawa ya Ruqayya."

Bedan alivua miwani. "Na thesis yako? Utangoja graduation ya mwaka ujao, Kaveke?"

"Nitangoja. Mimi shule yangu imenishikia kazi. Huyu wakimpita, wamempita."

Nilimvuta kando. "Wacha mchezo. Mwaka mzima?"

"Waleed, hizo hasira zako zingetosha kukausha hiyo kahawa yote. Hatungehitaji mashine." Akacheka, akaenda kuketi.

Kwa kuwa Ruqayya hakuruhusiwa kugusa kibodi, alisimama nyuma ya kiti akimsomea, na Kaveke akaandika kila mstari, akituma kila kitu kwa jina lake mwenyewe. Majibu yalipotoka walikumbatiana hadi Bwana Bedan akawafukuza nje. Ijumaa tasnifu ilifika ofisini, na Ruqayya akapata kazi.

Siku ya mahafali Kaveke alikuja akiwa na gauni la kawaida, bila joho, akaketi nyuma kabisa pamoja na wazazi wa watu. Mpiga picha alipotupanga alimwambia Kaveke asogee kando, anataka familia peke yake.

"Wewe piga picha," mama akamwambia. "Familia naijua mimi." Akamshika Kaveke mkono, akamweka katikati. "Mwanangu, umekaa huko nyuma kwa ajili yetu. Mwaka ujao nitakuja kukaa mimi."

Nilidhani ni maneno ya sherehe. Lakini mwaka uliofuata mama alifunga kibanda siku yenye wateja wengi, akavaa buibui lake la Idi, akaenda kuketi huko nyuma bega kwa bega na mama Kaveke kutoka Yatta. Jina la Kaveke lilipotajwa, mama mzazi alikuwa bado anatafuta kitambaa cha kufuta machozi. Wangu alikuwa ameshasimama, anapiga vigelegele.