Suti Yangu na Bomba la Keshero

Chekeni tu, maana hata mimi nikipita mtaa wa Keshero najicheka, ila siku ile nilitamani ziwa linimeze na suti yangu.

Kazi yangu ni kupanga ukaguzi wa bomba la chuma lililolazwa chini ya Ziwa Kivu, ambamo pampu ya huko chini inasukuma maji hadi kwenye tangi la mtaa. Kutu inalila, na mpiga mbizi hawezi kulipapasa lote kwa mara moja, kwa hiyo tunaligawa vipande na kwa kila kipande tunajiuliza: kitatoboka upesi? Na kikitoboka, nani atakosa maji? Chenye majibu mabaya ndicho tunachoanza nacho. Rahisi, sivyo? Mimi sasa, kile kipande kinachotoka majini ufukweni nikakiweka mwisho kabisa, kwa sababu kilipakwa rangi mpya ya buluu kikang'aa (rangi, jamani!), nikampeleka mpiga mbizi vilindini.

Kamati ya maji ikaja pale ufukweni kusikia mpango wangu. Mkuu wake ni Papa Déo, baba yake Espérance ninayetaka kumwoa, na mzee huyo alikuwa bado hajakubali kuwapokea wazee wangu nyumbani kwake. Basi nilivaa suti na viatu vya ncha (sisi wa Bukavu hatuendi mbele ya mkwe ovyo ovyo), nikaongea Kifaransa kirefu mpaka nikajiona waziri.

Papa Déo akaonyesha ile buluu. "Na hapa, ingénieur? Ni hapa mawimbi inapigaka kila siku. Uliangalia?"

"Hapa, papa? Ata tembo anaweza kucheza juu yake!"

Na kwa kuwa tembo hakuwepo nikapanda mwenyewe, nikaruka, nikaona wamama wenye mabidoni ya kuchotea maji wananitazama, nikaruka tena kwa madaha, chuma kikaachia, mguu ukazama hadi gotini na maji yakanipiga usoni, yakabeba miwani, nikipiga kelele nayameza.

Mnadhani waliniokoa? Walileta mabidoni!

"Usitikise muguu, papa! Geuka kidogo huku!" mama mmoja akaniamuru.

Papa Déo akapiga kelele pampu ifungwe. Wamama wakalia: ikifungwa, leo watapika na nini? Ningeweza kuchomoa mguu na kuacha kiatu, lakini nikiugeuza maji yalikuwa yanaingia bidoni vizuri kabisa, basi nikasimama pale nikielekezwa kushoto, kulia, watu wa pikipiki wakisimama kuchungulia, vigelegele juu yangu, na mwishowe kicheko kikanishika hata mimi.

Mama wa mwisho alipojaza, pampu ikafungwa. Papa Déo alikuwa ameketi juu ya jiwe akifuta machozi ya kicheko.

"Mutu mwenye anabaki ndani ya haya yake mupaka bidon ya mwisho ijae, huyo anaweza kukaa na mutoto wangu. Ulete wazee yako, mukwe. Lakini utoke kwanza mule ndani ya bomba."

Tangu hapo naanza ukaguzi pale maji na hewa vinapokutana na kutu inapokula zaidi, nikigonga kwa nyundo, rangi iwe inang'aa vipi. Kuruka, naapa, nitaruka siku ya harusi yangu tu, tena juu ya sakafu ya saruji.