Mkamba Aliyeua Samaki wa Junda

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Erastus Kioko anaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa udongo huko Junda, Kisauni. Anavua viatu vyake vyeusi vya kazi, anavipanga pembeni polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Kisha anaita.

"Hodi!"

Hasogei. Anaita mara ya pili, uso ameuelekeza barabarani, si mlangoni. Mara ya tatu sauti ya mwanamke inatoka uani.

"Karibu, mwanangu. Pita, pipa liko pale pale."

Kioko anapita. Anachota maji ya kufulia kwa kata, anayamulika kwa tochi, anatafuta viluwiluwi, hao watoto wa mbu wanaojipindapinda juu ya maji kabla hawajaota mbawa. Leo hakuna hata mmoja. Chini ya pipa kuna kitu chembamba kinachokimbia mwanga. Ni samaki asiyezidi kidole kwa urefu.

"Huyu ameshiba," Kioko anasema.

"Ameshiba kuliko mimi," sauti inajibu kutoka jikoni.

Hiyo ndiyo kazi yake. Kila siku hupita nyumba hamsini au sitini, kutoka Junda mpaka Magogoni, akikagua mitungi, mapipa, visima na vifuu vilivyotupwa vikajaa mvua. Watoto humwita Bwana Mbu. Seremala Rashid, ambaye duka lake liko njiani, humwita jina jingine.

"Bwana Mafuta! Leo umekuja kuua nini?"

"Leo nimekuja kuua njaa. Chai iko?"

Wote wawili hucheka. Mwezi Februari mwaka huu wa 1962, maneno hayo hayo ya Rashid hayakuwa mzaha. Siku ile aliyasema huku amemkamata Kioko ukosi wa shati.

Kioko ana miaka ishirini na saba. Amezaliwa Kilungu, katika vilima vya Ukambani, ambako asubuhi ni baridi na mbu ni hadithi ya watu waliosafiri. Alishuka Mombasa Novemba mwaka jana, akapata kazi ya kukagua maji, na kitanda kimoja Changamwe katika chumba cha wanaume watano. Nyuma alimwacha mkewe, Nduku, mjamzito wa miezi minane.

Binti yao, Agneta, sasa anatambaa. Baba yake hajamwona bado.

"Nilimwandikia mke wangu aje," anasema. "Akanijibu kwa mstari mmoja. Hawezi kumleta mtoto mahali palipomla kaka yake."

Kaka yake Nduku alikuwa mpagazi bandarini. Homa ya malaria ilimchukua kwa siku nne, Changamwe hiyo hiyo. Tangu hapo, kwa Nduku, Mombasa si mji. Ni kaburi lenye taa. Barua ya pili ilimwekea mumewe sharti: atakuja siku atakapoambiwa kwamba mbu wamekwisha.

"Mimi ndiye mtu wa mbu," Kioko anasema, akitikisa kichwa. "Najua kuliko yeyote kwamba hawajaisha. Ningemdanganyaje?"

Hata angekubali, angemweka wapi? Kioko alianza kutafuta chumba Kisauni, karibu na kazi, akafika nyumbani kwa Bi Zubeda, mjane mwenye nyumba ya vyumba sita huko Junda.

"Mimi sipangishi kapera," Bi Zubeda alimwambia.

"Nina mke, mama."

"Yuwapi? Mfukoni?"

"Yuko kwetu, Kilungu."

"Basi nenda kamtoe huko, uje naye nimwone."

Mke asingekuja bila chumba, na chumba hakikutolewa bila mke. Hapo ndipo Kioko aliposimama, akiwa mgeni katika mji aliouzunguka kila siku kwa baiskeli bila kuujua. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Junda italisimulia kwa muda mrefu.

Alikuwa ameambiwa kazini kwamba maji yaliyotuama, yasiyo ya kunywa, yatiwe mafuta ili viluwiluwi wakose pumzi. Asubuhi moja, kama saa nne, alipita karibu na msikiti mdogo. Aliita hodi mara moja tu. Kwao Kilungu, anasema, mlango ulio wazi umeshajibu wenyewe. Akaingia uani na viatu vyake, akaona birika kubwa la saruji limejaa maji, akatoa chupa na kulimiminia mafuta. Akaandika katika daftari lake, akaenda zake akipiga mluzi.

Adhuhuri, watu walipokuja kutawadha, walikuta maji yana rangi saba na samaki wameelea matumbo juu.

Samaki wale hawakuwa wa pambo. Waliwekwa katika birika hilo na wazee waliolijenga, kizazi kikizaa kizazi, wawale viluwiluwi ili maji ya udhu yakae safi. Kwa maneno mengine, kazi ya Kioko ilikuwa ikifanywa pale kabla babu yake Kioko hajazaliwa. Naye akawaua wafanyakazi wenzake.

"Nilifikiri watanipiga," anasema. "Rashid alinishika. Mmoja akasema, 'Hawa wa bara, uhuru ukija tutawapandisha gari wote warudi kwao.' Mzee Idarus alikuwa anawaokota samaki mmoja mmoja, anawaweka juu ya jani la mgomba. Hilo ndilo lililonitia uchungu. Si shati."

Mzee Idarus, mwadhini wa msikiti huo, ni mtu mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Akiulizwa juu ya siku ile, kwanza husafisha koo.

"Nilimwambia, kesho uje alfajiri, na debe lako. Nikajua haji. Wallahi, nilitoka kuadhini nikamkuta kakaa nje, chini, viatu mkononi."

Kwa asubuhi kumi na moja, kabla ya kwenda kazini, Kioko alikomba maji machafu, akasugua birika kwa majivu na ndimu, akalijaza, akakuta utando wa mafuta, akalimwaga tena. Mara ya tatu ndipo maji yalipotulia bila rangi. Kwa jumla aliteka madebe zaidi ya mia mbili kutoka kisimani. Hakuna aliyemsaidia kwa siku tano za kwanza. Siku ya sita Rashid alifika na debe la pili, hakumsalimu, akaanza kuteka.

"Nilikuwa sijamsamehe," Rashid anaeleza. "Lakini alikuwa anavuta kamba vibaya. Ilinikera."

Birika likawa safi, lakini tupu. Mzee Idarus akamwambia kilichobaki: atafute samaki wa namna ile ile, naye amwombe mwenye nao kwa heshima.

Ndivyo Kioko alivyoijua Mombasa. Jumapili ya kwanza alikwenda Magogoni, akakuta birika la msikiti limekauka siku nyingi na mbuzi wamelala ndani. Jumapili ya pili alianzia Changamwe anakolala, akaenda hadi Miritini, akarudi na matope magotini na samaki wakubwa wasiofaa. Njiani alijifunza nani huuza mahamri mapema, wapi njia hujaa maji, mlango gani huitwa hodi na kungojwa, na kwamba nyumba isiyojibu mara tatu imekwisha kujibu: mwanamume hayupo, urudi baadaye.

Jumapili ya tatu alivuka kwa feri mpaka Likoni. Huko, katika msikiti wa zamani, alisimama nje nusu saa mpaka mtunzaji akatoka. Akamweleza yote, hata kosa lake. Mtunzaji yule alicheka mpaka akaketi chini, kisha akampa samaki kumi na mmoja katika sufuria.

Kwenye feri, abiria walimzunguka.

"Jamani, tazameni! Mkamba anawapelekea watu wa Kisauni samaki!"

"Wa kukaanga au wa kupaka?"

"Wa kuswali," Kioko akajibu, naye mama mmoja akacheka, akafungua mwavuli wake na kuifunika sufuria isipigwe na jua mpaka ng'ambo.

Samaki wanne walikufa njiani. Saba walifika. Mzee Idarus aliwahesabu, akawatia birikani kwa mkono wake, akasema neno moja tu: "Haya." Wanaomjua wanasema hilo kwake ni kama hotuba.

Mwaka huu kila baraza limejaa mabishano juu ya mwambao na uhuru: nani mwenyeji, nani mgeni, nani atamfukuza nani. Wapo wanaopasua koo kwenye mikutano wakiapa kwamba mtu wa bara na mtu wa pwani hawawezi kula sahani moja. Hao waje Junda. Wavue viatu kwanza, waite hodi, kisha walitazame birika lile. Samaki wa Likoni aliyeletwa na mtu wa Kilungu yuko humo, anawala mbu wa kila mtu.

Samaki walipoanza kuzaana, Kioko aliomba wachache awatie kwenye mapipa ya majirani badala ya mafuta. Mzee Idarus alikubali. Msimamizi wa Kioko kazini alicheka alipoambiwa, kisha akaja mwenyewe kutazama, akachota maji hapa na pale, akaondoka bila kicheko. Leo mapipa na visima thelathini na nane vina samaki wa Junda.

Wa kwanza kuomba alikuwa Bi Zubeda. Na mwezi Julai akamwita Kioko barazani.

"Chumba cha mwisho, cha upande wa mnazi, kitupu," akamwambia. "Nakuwekea. Lakini mwezi ukiandama na mkeo hajaja, nampa mwingine. Mimi si ghala la vyumba."

Usiku huo huo Kioko aliandika. Hakumdanganya mkewe. Alimwandikia kwamba mbu hawajaisha na huenda wasiishe, lakini katika nyumba ya Bi Zubeda hawazaliwi tena, kwa sababu kila pipa lina mlinzi, na yeye mwenyewe hulikagua. Akamweleza habari ya samaki tangu mwanzo, pamoja na aibu yake yote. Kisha akangoja, siku kumi, kumi na tano, ishirini. Mwezi uliendelea kupungua.

Juzi barua ilifika. Ameiweka katika mfuko wa shati na huitoa bila kuombwa. Nduku anasema Jumamosi atapanda gari moshi Emali yeye na mtoto. Hasemi kwamba ameacha kuogopa. Anauliza jambo moja tu: mbu wakiisha, hao samaki watakula nini?

"Mwambie watakula wali kama sisi," Bi Zubeda, mwenye pipa lile la asubuhi, anaingilia kutoka dirishani. Tangu jana anafagia chumba ambacho tayari ni safi.

Kioko anaikunja barua. Amekwisha panga Jumapili yake. Asubuhi atakuwa kituoni kabla gari halijaingia, ampokee mtoto ambaye hamjui sura. Watavuka daraja la Nyali, lakini hawatakwenda chumbani kwanza. Amemwomba Mzee Idarus ruhusa wasimame kwenye mlango wa ua wa msikiti.

"Nataka Nduku awaone kwa macho yake," anasema. "Nilimwandikia kwamba ni saba. Atataka kuwahesabu, namjua."

Na wakizidi saba? anaulizwa.

Kioko anavaa viatu vyake, anapanda baiskeli. Nyumba inayofuata iko hatua thelathini tu.

"Basi ahesabu polepole," anasema. "Hatuna haraka. Tumekuja kukaa."